Ndama wa chupa nyumbani kwa mara ya kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mama kafa, au kamkataa mtoto, au umenunua ndama wa siku chache kutoka shamba la maziwa na sasa anakuangalia we ndo uwe mama yake. Majibu yapo hapa chini, sijayapanga kwa umuhimu, isipokuwa lile la kwanza, kama una ndama wa saa chache hapo ulipo soma hilo sasa hivi mengine yatasubiri.

Ndama kazaliwa sasa hivi, nimpe nini cha kwanza?

Dang'a, yale maziwa ya mwanzo mazito ya njano ya ng'ombe aliyetoka kuzaa. Hapa hamna mjadala. Ndama anazaliwa karibu hana kinga kabisa manake kondo la ng'ombe halipitishi kinga ya mama kwenda kwa mtoto akiwa tumboni, yote inabidi aipate kwa kunywa, na utumbo wake unairuhusu kuingia kwenye damu kwa muda mfupi tu, kila saa inayopita inapungua, akifikisha saa 24 ndo basi tena hata umpe ndoo nzima. Kwa hiyo lenga ndani ya saa 2 za kwanza, ukichelewa sana iwe saa 6. Kiasi ni kama asilimia 10 ya uzito wake, yaani ndama wa kilo 40 apate lita 4 ndani ya saa 12, wengi hunywa lita 2 mpaka 3 kwa mkupuo wa kwanza halafu iliyobaki baada ya masaa kadhaa.

Mama hayupo je? Tafuta dang'a ya ng'ombe mwingine aliyezaa siku hiyohiyo, ila awe mzima maana kuna magonjwa yanapita kwenye maziwa. Iliyogandishwa kwenye friza nayo ni nzuri, ila iyeyushe kwenye maji ya moto yasiyozidi nyuzi 50, usiichemshe wala usiiweke jikoni, joto kali linaua ile kinga na unabaki na maziwa tu. Kuna ya unga pia, soma paketi vizuri, zipo za kuongezea dang'a ya mama na zipo za kuchukua nafasi yake kabisa, unayoitaka hapa ni hiyo ya pili na iwe na angalau gramu 100 za kinga kwa dozi, ikiwa zaidi ni bora.

Na kama ndama ni wa baridi mdomoni, ukiingiza kidole hanyonyi, usimlazimishe kunywa kwanza. Mpashe joto. Mfute mpaka akauke kabisa, msugue kwa taulo, muweke karibu na joto, akianza kunyonya kidole ndo unaleta chupa.

Nimemnunua na sijui kama alipata dang'a, nitajuaje?

Muulize aliyekuuzia, ila muulize hivi "alipewa lita ngapi na saa ngapi baada ya kuzaliwa", usiulize "alipata dang'a?" kwa sababu kila muuzaji atakwambia ndio. Daktari wa mifugo anaweza kupima damu yake ndani ya wiki ya kwanza na kukwambia kinga imeingia kiasi gani. Kama haikuingia huwezi kurudi nyuma, unachoweza ni kumlea kwa usafi wa hali ya juu, umtenge na ng'ombe wakubwa na ndama wengine wenye umri mkubwa, na uwe mwepesi kumuita daktari.

Kabla hujalipa hela mwangalie kitovu (kiwe kikavu na chembamba, sio kinene chenye joto), mkia na matako yawe safi, asimame mwenyewe, masikio juu, na ukimpa kidole anyonye kwa nguvu. Anayeuzwa bei rahisi kwa sababu "amechoka kidogo na safari" mwache hapohapo.

Nitumie maziwa gani, ya ng'ombe au ya unga?

Yote yanafaa. Maziwa halisi ya ng'ombe hayana mpinzani kama unayapata kila siku bila kukatika, mradi sio ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele wala aliyechomwa antibayotiki juzi. Ya mbuzi nayo yanafaa. Maziwa yaliyotolewa mafuta hayafai, mafuta ndo nguvu yake.

Ya unga yawe ya ndama, sio ya watoto wa binadamu wala ya kondoo. Angalia lebo, protini asilimia 20 mpaka 22 au zaidi, mafuta 15 mpaka 20, na kwa ndama aliye chini ya wiki tatu protini hiyo itoke kwenye maziwa, sio soya, tumbo lake bado haliwezi soya vizuri. Halafu pima unga kwa mizani, gramu, usipime kwa kikombe, unga wa juu ya mfuko na wa chini haulingani kwa kikombe. Aina nyingi ni gramu 125 mpaka 150 kwa lita moja ya maziwa yaliyochanganywa tayari lakini fuata lebo yako wewe. Kuna watu wanaongeza maji ili mfuko ukae muda mrefu, hiyo ni kumnyima chakula huku tumbo limejaa, na kuna wengine wanazidisha unga akikonda, huyo naye ataharisha.

Ukitaka kubadilisha aina ya maziwa changanya ya zamani na mapya, ukipunguza na kuongeza kidogokidogo kwa siku 3 au 4.

Lita ngapi kwa siku na mara ngapi?

Ushauri wa zamani ulikuwa lita 2 asubuhi na lita 2 jioni, basi. Hiyo ni asilimia 10 ya ndama wa kilo 40 na kusema kweli ni kidogo, inamshikia roho tu, akipata baridi au ugonjwa hana akiba. Mi naona uanze na lita 4 mpaka 5 siku za kwanza ukizigawa mara 3, halafu mwisho wa wiki ya kwanza upande taratibu mpaka lita 6, na kama anazimaliza, kinyesi kiko sawa na ana nguvu, ndama mkubwa anaweza kufika hata lita 8. Kinachomletea shida ndama mara nyingi ni mabadiliko ya ghafla, sio wingi wenyewe: leo lita 2, kesho lita 4 kwa mpigo kwa sababu alilia sana, keshokutwa maziwa ya baridi kwa sababu umechelewa kazini.

Usiku huna haja ya kuamka, labda awe dhaifu au wa siku ya kwanza. Ila masaa yasiyumbe. Kama ni saa 12 asubuhi, saa 6 mchana na saa 12 jioni basi iwe hivyo hata siku ya sikukuu.

Joto la maziwa?

Nyuzi 38 mpaka 40 yakiingia mdomoni, sawa na joto la mwili wake. Nunua thamometa, kiwiko cha mkono kinadanganya hasa asubuhi ukiwa na baridi mwenyewe. Na hiyohiyo usiitumie kumpimia homa, nunua mbili.

Chupa naishikaje?

Ndama asimame, shingo inyooke mbele ikipanda juu kidogo, kama kiwele cha mama kingekuwa pale, yaani chupa iwe usawa wa bega lako ukichuchumaa mbele yake au kiunoni ukisimama inategemea urefu wake. Usimuinue kichwa kikaangalia mbinguni. Kuna sababu mbili. Moja, ndama akinyonya kuna mfereji mdogo tumboni unajikunja na kupitisha maziwa moja kwa moja mpaka tumbo la nne (ng'ombe ana matumbo manne) ambako yanasagwa, bila kupita tumbo la kwanza, maziwa yakiangukia tumbo la kwanza yanachacha humo na ndama anavimba na kuharisha. Kinachoufunga mfereji huo ni kunyonya kwenyewe, ndo maana kumiminia maziwa mdomoni sio sawa na kumnyonyesha. Mbili, kichwa kikiwa juu sana maziwa yanaingia kwenye mapafu, na nimonia ya namna hiyo inaua haraka.

Chuchu nayo. Ukigeuza chupa kichwa chini maziwa yadondoke tone tone, yasitiririke. Watu wanaichoka ile dakika kadhaa ya kusimama pale wanapanua tundu kwa kisu, ndama anamaliza chupa kwa sekunde chache, anakohoa, mate hayajatoka ya kutosha, na bado ana hamu ya kunyonya kwa hiyo anageukia masikio ya mwenzake. Acha anyonye polepole. Na usishtuke akiipiga chupa kwa kichwa, ndivyo anavyompiga mama kiwele ili maziwa yashuke, we shika chupa kwa nguvu tu na usikae usawa wa hicho kichwa.

Anakataa chupa, nifanyeje?

Kama alishanyonya kwa mama yake huyo ni mbishi siku ya kwanza na ya pili, kawaida. Mrudishe kinyumenyume kwenye kona, simama juu yake miguu yako huku na huku, mshike taya kwa mkono mmoja, weka kidole mdomoni aanze kunyonya, kisha ingiza chuchu pembeni ya kidole na ukitoe kidole taratibu. Kuminya tone la maziwa kwenye ulimi kunasaidia. Kumfunika macho pia kunasaidia, sijui kwa nini hakitajwi sana, ila ndama wengi wanatulia.

Njaa inasaidia pia, lakini hiyo ni kwa ndama mwenye nguvu tu. Ndama wa chini ya wiki akikataa mara mbili mfululizo, au aliyekuwa ananyonya vizuri jana leo hataki, huyo ni mgonjwa mpaka ithibitike vinginevyo, mpime joto na upige simu kwa daktari. Kuna mpira wa kumpitishia maziwa mpaka tumboni, ni mzuri na unaokoa, ila ufundishwe na mtu anayejua kwanza manake ukiingia njia ya hewa umemzamisha kwenye maziwa.

Anaharisha!! Nimpe dawa gani?

Tulia, swali sio dawa gani, swali ni amepoteza maji kiasi gani. Ndama wanaoharisha wanakufa kwa kuishiwa maji na chumvi kabla hata ugonjwa wenyewe haujawamaliza, na sehemu kubwa ya kuhara kwa wiki mbili tatu za mwanzo inatokana na virusi kama rota na korona ya ng'ombe, au kimelea kinaitwa kriptosporidiamu, na vyote hivyo antibayotiki haivigusi. Siku 3 au 4 za kwanza ni zaidi ya bakteria E. koli. Kuanzia wiki ya tatu hivi angalia koksidia, kimelea kingine cha utumbo, hapo unaweza kuona damu kwenye kinyesi.

Kwanza hakikisha ni kuhara kweli. Ndama wa maziwa kinyesi chake ni cha njano na laini, hiyo ni kawaida. Kuhara ni maji yanayopita kwenye nyasi na kupotelea chini, mkia umelowa, na harufu yake utaijua.

Halafu mkague. Bana ngozi ya shingo uiachie, ikirudi polepole zaidi ya sekunde 2 amekauka. Angalia macho kama yameingia ndani na kama kuna nafasi kati ya jicho na kope. Gusa fizi, ziwe na unyevu na joto. Gusa masikio na miguu. Pima joto, kawaida ni nyuzi 38.5 mpaka 39.5. Anayenyonya, anasimama, macho yameingia kidogo tu, huyo unamuhudumia mwenyewe: mpe elektrolaiti za ndama, yaani chumvi na sukari za kuchanganya na maji, zile za paketi kutoka duka la dawa za mifugo, lita 2 kwa mara moja, mara mbili au tatu kwa siku, KATIKATI ya milo ya maziwa, sio kwa kuchanganya na maziwa labda paketi iseme inaruhusiwa. Na maziwa uendelee kumpa. Zamani watu walikata maziwa siku mbili tatu "ili tumbo lipumzike", matokeo yake ndama anapona kuhara anakufa kwa njaa, elektrolaiti hazina chakula cha kutosha kumlisha. Kama hawezi kiasi chake chote mpunguzie kila mlo na umuongezee idadi ya milo.

Anayeshindwa kusimama, asiyenyonya, mwenye mdomo wa baridi, joto chini ya 38 au homa zaidi ya 39.5, damu kwenye kinyesi, macho yameingia ndani kabisa, huyo anataka daktari leo, sio kesho asubuhi, manake anahitaji maji ya mshipani na chupa haitatosha.

Na wewe mwenyewe nawa mikono kwa sabuni. Kriptosporidiamu na salmonela zinaingia kwa binadamu, watoto wadogo na wajawazito wakae mbali na ndama anayeharisha hata kama ni mzuri kiasi gani.

Kitovu?

Iodini ya asilimia 7, chovya kitovu chote ndani yake mara tu anapozaliwa, rudia siku hiyohiyo baadaye. Kupuliza tu juu juu hakutoshi. Kikivimba, kikiwa cha moto au kikitoa usaha ni kumuita daktari, uchafu ukishaingia hapo unasafiri mpaka kwenye viungo na utaona magoti yamevimba.

Nimpe maji? Si anakunywa maziwa tayari.

Mpe, kuanzia siku za kwanza, kwenye ndoo safi muda wote, yabadilishe kila siku. Maziwa yanaenda tumbo la nne kama nilivyosema, maji ndo yanaenda tumbo la kwanza, na bila maji huko bakteria wa kusaga chakula hawakui.

Lini aanze kula na lini nimuachishe maziwa?

Chakula cha ndama cha punje, chenye protini asilimia 18 au zaidi, weka kiganja kimoja kuanzia siku ya tatu au ya nne. Hatakula, atachezea. Mtie chache mdomoni akimaliza chupa wakati bado anatamani kunyonya. Kila siku toa kilicholowa weka kipya. Watu wengi wanakimbilia nyasi kwa sababu ng'ombe anakula nyasi, ila kinachokuza kuta za tumbo la kwanza zaidi ni nafaka inavyochachuka humo ndani, nyasi kavu laini kidogo sawa, lakini ndama wa mwezi mmoja anayejazwa nyasi utamuona na kitambi huku mgongo unaonesha mifupa.

Kuachisha usiangalie kalenda peke yake. Wiki 8 ni wastani mzuri, ila kipimo chenyewe ni anakula kama kilo 1 ya chakula kikavu kwa siku, siku tatu mfululizo. Punguza maziwa kwa wiki moja au mbili, ondoa mlo mmoja kwanza, halafu mwingine. Atalia. Usihamishe banda, usikate pembe wala kuchanja wiki hiyohiyo. Kufikia hapo angalau awe amefikia mara mbili ya uzito wake wa kuzaliwa, kuna utepe wa kupimia kifua unakupa makadirio ya kilo bila mizani.

Banda liweje?

Kavu. Likikosa vyote vingine liwe kavu. Piga goti kwenye malalio yake sekunde 20, ukiinuka suruali imelowa basi ongeza nyasi kavu. Ndama wa wiki za kwanza anaanza kusikia baridi kwenye nyuzi 10 mpaka 15, joto ambalo wewe unaona ni zuri tu, kwa hiyo nyasi ziwe nyingi kiasi kwamba akilala miguu inazama humo. Hewa ipite juu lakini upepo usimpige akiwa amelala, na kama ukiingia pua inawasha kwa harufu ya mkojo ujue mapafu yake yapo hapohapo chini karibu zaidi na hiyo harufu. Akikohoa, akipumua harakaharaka akiwa amelala, masikio yameshuka na pua inatoa makamasi, ni daktari, nimonia ikiwahiwa inatibika.

Wawili wanaolingana umri ni bora kuliko mmoja, wanafundishana kula.

Chupa naioshaje?

Kila mlo, sio kila siku. Suuza kwanza na maji ya vuguvugu, ukianza na ya moto sana protini ya maziwa inagandia ndani. Kisha maji ya moto, sabuni na brashi, fungua chuchu uisugue kwa ndani, suuza, zitundike kichwa chini zikauke kabisa. Chupa ya mgonjwa isitumike kwa mzima.

Pembe, kuhasi, chanjo?

Kuondoa pembe kabla ya miezi 2, vichipukizi bado havijashika kwenye fuvu, na kwa ganzi. Kuhasi mapema pia ni rahisi kwake. Chanjo, dawa ya minyoo na kupe panga na daktari wa eneo lako, magonjwa yanatofautiana.

Dume wangu ananifuata kila mahali, anapenda kunisukuma kwa kichwa, ni mzuri sana!

Ni mzuri akiwa na kilo 50. Dume aliyelelewa kwa chupa peke yake hana hofu na binadamu, anakua akidhani we ni ng'ombe mwenzake, na madume wenzake hushindana nao kwa kichwa. Wafugaji wengi humuogopa huyu kuliko dume mkali aliyelelewa na mama. Usicheze naye kwa kumsukuma paji la uso hata siku moja, wazuie na watoto, mlee na ndama wenzake, na kama sio wa mbegu muhasi.

Mtamba wangu ni pacha wa dume, ana shida?

Uwezekano mkubwa ndio. Damu yao inachanganyika wakiwa tumboni na homoni za dume zinaharibu viungo vya uzazi vya dada yake, zaidi ya asilimia 90 ya mitamba wa namna hiyo hawazai. Daktari anaweza kumpima mapema kwa damu. Wakati wa kununua uliza kama alizaliwa pacha, manake mtamba wa namna hii huuzwa rahisi na kwa macho huwezi kumtofautisha, na kama unamlea ili aje akupe maziwa ni bora ujue akiwa wa wiki mbili kuliko miaka miwili.